Kadi Kwanza, Injini Baadaye

Mh! Jamani, hili la magari ya mkononi linaniuma. Mtu kadunduliza pesa miaka na miaka, mkewe kachukua zamu yake ya kikoba wakaongezea, halafu wanakwenda kununua IST saa moja usiku kwenye kituo cha mafuta, kwa mwanga wa taa za pampu. Anasikiliza redio. Anapapasa rimu. Anawasha AC, anasema inagandisha. Pesa inahesabiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Kadi inatazamwa mwisho kabisa, tena kwa tochi ya simu, kuhakikisha tu kwamba ina nembo ya TRA. Kesho yake anakuja kijiweni kutuonyesha, na wazee wanapomuuliza, "Umeandikishiana na nani?" anataja jina la mtu ambaye hayumo kwenye hiyo kadi.

Hapa kijiweni Magomeni tunaweza kubishana kuhusu injini mpaka kahawa ipoe. Ipi ngumu, ipi inakula oili, ipi fundi akiifungua hairudi kama ilivyokuwa. Mimi nasema hivi: injini ikifa utalia, lakini utakwenda Ilala au Kariakoo, utapata nyingine ya mtumba, fundi ataifunga, utaandikisha namba yake mpya na safari itaendelea. Kadi ikiwa na walakini, huna gari. Una ufunguo tu. Siku mwenye mali akitokea na polisi, utashuka wewe na watoto wako uliokuwa unawapeleka shule. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasimama juu ya msingi huo: mtu hawezi kukuuzia haki ambayo yeye mwenyewe hana. Kusema kwamba ulilipa pesa halali, kwa nia njema, mbele ya shemeji zako, kwa kawaida hakugeuzi mali ya mwenzako kuwa yako.

Simlaumu mtu kwa kununua gari la mkononi. IST ya toleo la kwanza, hii iliyojaa mitaani kwetu, ilitengenezwa Japani kuanzia 2002 hadi 2007. Hata iliyo changa kuliko zote imeshavuka miaka 10 zamani sana, na ukiiagiza leo unabandikwa ushuru wa ziada wa uchakavu juu ya ule wa kawaida. Vitz na Passo zenye injini isiyofika sisi 1000 zina nafuu kidogo kwenye ushuru wa bidhaa, lakini umri unazikamata nazo. Sasa mwalimu, nesi, au kijana anayetaka kubeba abiria wa mtandaoni, atatoa wapi pesa zote hizo kwa mkupuo? Anatafuta namba D ambayo mwenyewe anaiachia. Anafanya la busara kabisa. Gari halinywi mafuta, vipuri viko kila mtaa, fundi wa chini ya mwembe analijua vizuri. Kinachonifanya nisonye ni namna ya kununua.

Haya, kadi. Isome. Ina jina la mmiliki, namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, mwaka wa kutengenezwa, rangi. Shika kadi yenyewe, siyo picha ya WhatsApp, mchana kweupe, bonneti iko wazi. Namba ya chesisi kwa gari hizi mara nyingi imegongwa kwenye bati la ukuta unaotenganisha injini na dereva. IST ya 1300 inaanza na NCP60, ya 1500 ni NCP61, na ile inayovuta miguu yote minne ni NCP65. Mmoja asome kwenye bati, mwingine afuate kwenye kadi, tarakimu moja moja. Pitisha kidole. Kama bati limekwanguliwa, lina alama ya kuchomelewa, au rangi ya hapo haifanani na ya pembeni yake, funga bonneti, aga kwa heshima, ondoka. Usimhoji mtu, usimtuhumu, wewe nenda zako. Namba ya injini nayo itafute. Ikitofautiana, huenda injini ilibadilishwa kihalali, lakini basi kadi ilipaswa kurekebishwa, na anayepaswa kuirekebisha ni yeye, kwa gharama yake, kabla hujatoa shilingi.

Halafu jina. Hapa ndipo watu wanapoteleza, na ndipo ninapotaka tukae kidogo.

"Kadi ni ya shemeji, yuko Mwanza." "Kadi ni ya bosi, kaniachia niuze." "Hii niliinunua kwa jamaa, sijabadilisha jina tu, lakini mkataba ninao." Maneno haya ya tatu ndiyo yanayotumaliza mjini. Kubadilisha jina kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, kuna ada za TRA, kuna TIN, kuna foleni, basi mtu anaona bora akunje mkataba auweke kwenye droo ya gari na maisha yaendelee. Baadaye anauza. Naye aliyenunua anauza. Gari linapita mikononi mwa watu wanne na kadi bado inamsoma wa kwanza, ambaye pengine amehamia Muscat, pengine amebadilisha namba ya simu, pengine amefariki. Wewe wa tano ndiye unayekwenda kubisha hodi kwa familia usiyoijua, kuwaomba kitambulisho na saini ya mtu waliyemzika. Wakikataa, wana haki. Wakikuomba pesa, utatoa.

Na tukitaja waliofariki: marehemu hauzi gari. Kijana anakuja na kadi ya baba yake, ufunguo wa akiba, hata picha ya mazishi kwenye simu, na unamhurumia kwa sababu anasema pesa ni za ada ya wadogo zake. Mpe pole. Kisha muulize nani msimamizi wa mirathi, na barua ya mahakama iko wapi. Hakuna barua, hakuna biashara, hata kama mama yake amekaa hapo anaitikia kwa kichwa. Vinginevyo utajikuta mahakamani na wajane wawili wamekaa benchi moja wanakutazama wewe.

Kuna lingine, na hili linawapata hata waangalifu. Siku hizi kadi ya gari ni dhamana ya mkopo. Mwenye gari anapeleka kadi kwa mkopeshaji, anachukua pesa, anaendelea kuendesha. Mambo yakimbana anakwenda polisi, anasema kadi imepotea, anapewa taarifa ya upotevu, anaomba kadi nyingine. Sasa anayo kadi halali, yenye jina lake halali, na mkopeshaji naye anayo yake. Wewe utajuaje? Tazama tarehe ya kadi ilipotolewa. Gari limo nchini miaka mingi, mmiliki ni yule yule, lakini kadi ni ya juzi: uliza kwa nini, na usiridhike na jibu la haraka haraka. Nenda TRA, omba taarifa za gari hilo rasmi. Na kwenye mkataba aandike kwa maneno kamili kwamba gari halina deni wala dhamana ya mtu yeyote, na kwamba likizuka lolote, yeye atarudisha pesa. Mwenye jambo la kuficha huwa anasita kuweka saini kwenye sentensi hiyo. Mtazame usoni anapoisoma.

Madeni madogo yanamalizwa haraka. Faini za barabarani zinaonekana kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, na kila kosa lina faini yake. Mtu aliyekuwa anakimbiza abiria anaweza kuwa na rundo. Maegesho ni TARURA, nako unaangalia kwa namba hiyo hiyo. Bima ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, usiamini karatasi peke yake, na ujue kama ni ndogo au kubwa. Ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017, kwa hiyo dalali akikukata pesa kwa jina hilo mwambie aende zake.

Dalali! Aka. Simchukii mtu na riziki yake, na wapo wanaofanya kazi yao vizuri. Lakini dalali anakula siku gari linapouzwa, halafu hayupo. Mwenye gari kasema milioni nane, wewe umeambiwa tisa na nusu, hiyo katikati ni cha juu chake, na ndiyo maana hataki uonane na mwenyewe. Utasikia, "Kuna mtu wa Mbagala anakuja na pesa jioni hii." Utasikia, "Tuma laki mbili ya kushikilia, nikuzuilie." Mwache huyo wa Mbagala achukue. IST zimejaa nchi hii. Haraka ndiyo silaha yao kubwa, kwa sababu hakiki zote nilizotaja zinataka siku ya kazi na mchana wa jua, na mtu aliyeambiwa gari linaondoka jioni hana nafasi ya kufanya hata moja.

Ukisharidhika na karatasi, ndipo umlete fundi. Fundi wako, siyo wa dalali, na mlipe vizuri kwa kazi ya kukagua, ununue usinunue. Fundi anayelipwa pale tu biashara ikifanyika atakutafutia sababu ya kununua. Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hamjafika. Mkifika, gusa bonneti. Ikiwa ya moto, rudini kesho asubuhi. Stati ya baridi inasema mengi: moshi wa bluu, injini inakula oili, moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata joto, maji ya rejeta yanaingia pasipotakiwa. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta utando mzito kama maziwa ya mgando, usiendelee. Kilomita za kwenye dashibodi usizitegemee, zinarudishwa. Pedali ya breki iliyolika mpaka mpira umelainika na usukani uliotoboka ngozi havirudishwi nyuma kirahisi hivyo, na ndivyo vitakavyokuonyesha IST iliyoshinda barabarani kutwa na abiria.

Na maji. Mji wetu huu, mvua zikinyesha Jangwani panakuwa ziwa, na gari lililozama haliendi kaburini, linakwenda kuoshwa na kupigwa polishi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake uone kama kuna mstari wa tope. Inua zulia. Shika reli za siti kwa chini, tafuta kutu. Kama gari lina manukato makali kupita kiasi, fungua milango lipate hewa kisha unuse tena. Umeme wa gari lililozama utakusumbua miaka yote utakayokuwa nalo, na hakuna fundi umeme atakayekuahidi kwamba amemaliza.

Siku ya malipo, pesa taslimu kwenye begi hapana. Ni hatari kwako na kwa muuzaji pia. Kutaneni kwa wakili, kila mtu na kitambulisho chake cha NIDA, TIN, picha ndogo na shahidi wake. Wakili wa kweli ana muhuri na anawataka nyote wawili mbele yake. Anayekubali kugonga muhuri upande mmoja haupo, mkimbie. Lipa benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye kadi. Akisema utume kwa namba ya mke, ya mdogo wake, ya dalali, simamisha hapo hapo. Mkataba uandikwe tarehe na saa ya kukabidhiana, maana kamera ikikupiga tochi au likitokea la kutokea barabarani, saa hiyo ndiyo itakayosema nani alikuwa na gari.

Kuna neno kwa wanaouza pia, kwa sababu nao wanaumia kimya kimya. Ukimwachia mtu gari likiwa bado na jina lako, faini zake zitakufuata wewe, na akigonga mtu akakimbia, polisi watagonga mlango wako. Usikubali kuambiwa "nitabadilisha mwenyewe wiki ijayo." Hiyo wiki haifiki.

Kwa hiyo mkitoka kwa wakili msiagane. Nendeni TRA pamoja siku hiyo hiyo, mnunuzi na muuzaji, mkabidhi fomu na kadi ya zamani, mlipe stempu. Na kama muuzaji hataki kukutana nawe mchana, kwa wakili, akiwa na kitambulisho kinachofanana na kadi, usimpe hata shilingi, gari liwe zuri namna gani.