Sifa za Ndoo ya Zege

Washairi wetu wamesifu mengi: Mtume, mke mwema, mnazi, jahazi. Ndoo ya zege hakuna aliyeikumbuka, na leo nimejitolea kulipa deni hilo.

Nazungumzia ile ndoo ya rangi ya lita 20, ya plastiki, iliyojazwa zege hadi mdomoni na kuchomekwa kipande cha bomba katikati. Kwenye fleti zetu za Upanga, Dar es Salaam, ndiyo hushika nafasi ya maegesho wakati mwenye gari yuko kazini, Dodoma au Dubai. Ya mwenyekiti wetu imefungwa utepe mwekundu kwenye bomba, na ubavuni bado ina michirizi ya rangi ya maziwa, kumbukumbu pekee kwamba ngazi za jengo hili ziliwahi kupakwa rangi.

Nianze na msimamo wake. Watu wenye msimamo siku hizi wamekuwa adimu. Ndoo hii inao wa kilo 48 hivi, ukipima zege lilivyo. Haihongeki wala haina shemeji. Haijali kwamba unatoka kumlaza mgonjwa Muhimbili, saa sita usiku, mvua inapiga na mtoto amesinzia kiti cha nyuma. Wanasiasa huhama vyama. Yenyewe haijahama hata hatua moja. Jua limeibabua plastiki mpaka ikabanduka vipande, lakini zege limebaki na umbo lilelile la ndoo, na heshima haikupungua: mwili umeoza, cheo kinaendelea. Ikigombea uenyekiti wa mtaa itapita bila kupingwa, maana hata sasa hakuna anayeipinga. Usiku mmoja nililishika bomba niisogeze. Mlinzi akatoka kibandani na tochi yake, akaniambia kwa upole, "Dada, hapo pana mwenyewe." Mwenyewe alikuwa safarini, gari kaliacha uwanja wa ndege. Nikaenda kuegesha barabarani, tairi moja juu ya ukingo wa mtaro.

Sifa nyingine nazipitia mbiombio. Haipigi honi, haivujishi oili, haifungulii muziki alfajiri. Ada ya huduma hailipi, na katika hilo imemfuata bwana wake.

Katika sheria nayo imetupita sote. Sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo inasema eneo la pamoja ni mali ya wamiliki wote, kila mmoja kwa fungu lake. Ndoo imekisoma kifungu hicho, ikakikalia. Profesa Donald Shoup wa Marekani alitoa kitabu mwaka 2005, kurasa zaidi ya 700, kuonyesha kwamba maegesho ya bure si ya bure, kuna mtu mahali anayalipia. Angelala Upanga usiku mmoja angeokoa karatasi nyingi.

Sasa kamati ya wakazi imetangaza kwamba dawa ya ugomvi wa ndoo ni kuongeza nafasi. Mwarobaini ung'olewe, kamba za kuanikia nguo ziondolewe, na kile kiwanja cha vumbi wanapochezea watoto kitandikwe pevingi. Zitapatikana nafasi nane. Kila fleti ichangie sawa.

Kila fleti ichangie sawa! Hapa sifa zinanikauka mdomoni. Nafasi moja ya gari, mita mbili na nusu kwa tano, ni mita za mraba 12.5. Chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho bibi wa ghorofa ya chini amewalaza wajukuu zake, hakifiki hata 10. Wajukuu haohao ndio watakaofukuzwa uani ili Land Cruiser ipate pa kulala. Bibi hana gari, hajawahi kuwa nalo, na jina lake liko kwenye orodha ya wadaiwa. Aliposimama kikaoni kuuliza maji ya masika yatapita wapi udongo ukishafunikwa, maana tayari yanamwingilia jikoni, alijibiwa, "Bibi yetu, hilo tuwaachie wataalamu." Tunaishi jirani na bonde la Msimbazi. Tumeona barabara ya Jangwani ikifungwa kwa mafuriko mara ngapi? Anahitaji shahada gani mtu kujua kwamba maji huteremka?

Jengo hili lilichorwa zama ambazo gari lilikuwa la wachache, kabla hata ya miaka ile serikali ilipopiga marufuku kuendesha Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta. Leo kuna familia yenye magari matatu, mojawapo ni Noah isiyo na injini, nayo ina ndoo ya kuilinda, sijui isitoroke. Mabasi ya mwendokasi yanapita kituo cha Fire, hapa jirani, tangu 2016. Yanajaa, sikatai, lakini ndiyo anayopanda bibi.

Na nafasi zipo. Njoo Jumapili mchana utazame: zege tupu linalinda hewa tupu. Niliomba kikao kijadili zamu, au gari la pili lilipiwe. Wajumbe walitazamana. Kila aliyekuwa meza kuu ana ndoo, wengine mbili. Hoja yangu ikaandikwa kwenye mengineyo, na mengineyo hayakufikiwa kwa sababu ya muda.

Basi nikaandika barua kuomba mchanganuo wa gharama, nikaisukuma chini ya mlango wa katibu. Imerudi. Haikufuata utaratibu, maombi yote ya wakazi hutumbukizwa kwenye sanduku la maoni. Sanduku lipo, limepigiliwa ukutani nyuma ya Prado ya mwenyekiti, na Prado imebanwa ukutani tangu Iddi, kwa mbele imewekewa ndoo.