Jibini Lililopanda Probox

Homa Bay utaletewa mbuta, ngege na omena kabla hujamaliza kusalimia watu, lakini ulizia jibini uone unavyotazamwa. Siku moja nilipopita madukani nilioneshwa siagi, tena kwa huruma.

Aliyeanzisha haya yote ni mpwa wangu. Alikuwa ameona kesadiya kwenye simu. Ni chakula cha Meksiko: chapati yao nyembamba, ya mahindi au ya ngano, inatiwa jibini, inakunjwa na kuchomwa kikaangoni. Ya kwenye simu ilikuwa na soseji pia, na jibini lilivutika kama kamba ya kufungia ndama. Tangu hapo, kijana akipakuliwa ugali anaupokea kama adhabu.

Basi nilipokuwa Migori kwa shughuli zangu, nikanunua kipande cha mozzarella kwa bei ambayo sitaitaja, maana mama mzazi anajua kusoma. Nikapanda Probox. Dereva, mtu wa heshima zake, akauchukua mzigo wangu akauweka juu ya dashibodi, usije ukakanyagwa. Tulipofika Rongo tukangoja abiria gari lijae, na kujaa kwa Probox si jambo la hesabu za kawaida. Jua likawaka. Mozzarella huanza kulainika kwenye nyuzi 55 hivi za Selsiasi, na dashibodi ya gari lililosimama juani inapita hapo bila jasho. Jasho lilikuwa kwa jibini.

"Mwalimu," dereva akaniita, kwa kuwa huku ukivaa miwani wewe ni mwalimu, "mzigo wako unalia."

Nilipofika nyumbani, jibini na karatasi ya plastiki vilikuwa vimeoana. Tulibandua kilichobanduka, kikatosha kesadiya moja ya mtoto mdogo. Mpwa hakukata tamaa. Akasema jibini hutengenezwa kwa maziwa na limau, naye ana limau. Tukachemsha maziwa, yakakatika vizuri, tukayachuja kwa kitambaa na kuyakandamiza chini ya sufuria ya nyoyo, yaani mahindi na maharagwe. Likatoka jibini jeupe, imara, la kujivunia.

Kikaangoni likagoma. Chapati ilikauka, ikapata madoa meusi, ukingo ukaanza kutoa moshi, na lile jibini limetulia ndani vilevile lilivyoingia. Jibini la limau haliyeyuki: asidi pamoja na moto hukaza protini za maziwa, na ukilipasha tena linatoa maji na kuzidi kukakamaa. Wahindi wanalijua hilo zamani, ndiyo sababu paneer yao inaogelea kwenye mchuzi mkali bila kupotea. Simu ya mpwa haikusema.

Soseji nazo hatukuzipasua. Mpwa alipogeuza kesadiya kwa madaha, kama alivyoona, soseji zote mbili zilibiringika nje, moja hadi chini ya meko. Paka aliifikia kwanza.

Mama alikuwa ametulia muda wote huo na kikombe chake cha chai. Tukampa ya kwake. Akaifunua, akaichungulia. "Wuoda," yaani mwanangu, akaniuliza, "chapati hii imefanya kosa gani mpaka mnaikunja na kuificha?" Akala soseji, akachovya chapati kwenye chai, jibini akaliacha pembeni ya sahani. Na ana haki. Wameksiko wenyewe waliletewa ng'ombe na Wahispania, karne ya 16, wakakimbilia jibini. Sisi Wajaluo tumefuga ng'ombe tangu babu zetu walipokuja wakiufuata Nile, na maziwa mala pamoja na samli vilitutosha.

Hata hivyo, ile moja ya mozzarella ya Migori ilikuwa tamu kweli. Nilionja pembe yake kabla mpwa hajanipokonya, na jibini lilivutika.

Kwa hiyo, msomaji, ukitaka kujaribu, pasua soseji kwa urefu, moto uwe mdogo, na jibini lisafiri ndani ya barafu. Barafu usihangaike nayo: wauza mbuta wa Homa Bay wanayo. Ila likifika linanukia samaki, usije kwangu.