Mstaafu Aliyeitwa Tena Kazini

Wenye farasi wa mbio wana huruma ya ajabu: mara nyingi humstaafisha dume bora akiwa na miaka mitatu, mifupa yake ndiyo kwanza inakomaa, wakatangaza kwamba amestahili kupumzika. Mapumziko yenyewe ni kupanda majike kwa ada, siku baada ya siku. Farasi George Washington, aliyeshinda mbio za 2000 Guineas za Uingereza mwaka 2006, alistaafishwa hivyo. Majike hawakushika mimba ipasavyo; akapatikana mtoto mmoja tu. Hapo ndipo ilipogundulika, ghafla, kwamba bado ana ari ya kukimbia. Oktoba 2007 alivunjika mguu kwenye matope ya Monmouth Park, Marekani, akamalizwa kwa sindano uwanjani hapo hapo.

Watasema mbona farasi Da Hoss alirudi. Kweli, alishinda mbio za Breeders' Cup Mile mwaka 1996, akauguza majeraha, akashinda tena 1998. Lakini huyo alikuwa amehasiwa. Hakuna aliyekaa bandani akihesabu mimba zake, na alirejea kwa sababu alipona. Watasema pia farasi hupenda mbio. Huenda, ila mapenzi hayo hayakutajwa wakati ada za majike zikitarajiwa. Farasi Cigar, aliyeshinda mbio 16 mfululizo, naye alionekana tasa. Bima ikalipa, na hakurudishwa mbioni. Basi kipimo ni chepesi: daktari akisema miguu iko sawa, farasi na arudi; akisema mhasibu, abaki malishoni.