Kubana Kilichokwisha Kubanwa

Mtaalamu katoka Lilongwe na projekta yake, kilomita arobaini na kitu, kuja kutufundisha jinsi seva mbili zinavyonakiliana. Data ibanwe kabla ya kusafiri, anasema, bando lisije likaishia njiani. Programu ya hifadhidata ya MySQL inakupa njia ya zlib au ya zstd, chagua mwenyewe.

Dzaleka kufundishwa kubana! Gereza la wafungwa wa kisiasa wa enzi za Rais Banda wa Malawi, likageuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994 kwa watu 10,000 hivi au 12,000. Leo tumepita 50,000. Kubana tunakujua, mwenzangu. Kufungua ndiko hakujaletewa semina.

Somo lenyewe ni la kweli, nisimwonee. Maandishi na majedwali hubanika vizuri kwa kuwa yamejaa marudio. Picha za JPEG na video zimeshabanwa tangu zinahifadhiwa. Ukizirudia unaichosha prosesa bure, na faili huweza hata kunenepa kidogo. Kwa hesabu hiyo fomu zetu zingebanika kuliko vyote: jina, kijiji, sababu ya kukimbia, yale yale kila dirisha, tangu mtoto hajaota meno mpaka anaoa.

Akaingia kwenye muunganisho. Mtandao ukikatika, seva inayopokea hukumbuka ilipoishia. Ukirudi, inaendelea hapo hapo, haianzi upya.

Mzee mmoja wa Uvira, Kongo, akanyoosha mkono. "Mwanangu, programu hiyo, kule ofisini wanakotuuliza majina kila mwaka, imefika?"