Namna ya Kuandika Tiketi Ambayo Fundi Hataikimbia

Tiketi, yaani ripoti ya hitilafu anayoandikiwa fundi, ikiwa ya maneno mawili, "mfumo haufanyi", hula siku nzima ya watu wanne. Fundi wa programu aliye Nairobi anampigia simu afisa wa kaunti, afisa anampigia msimamizi wa kaunti ndogo, msimamizi anampigia daktari wa zahanati (ambaye ni muuguzi, ila kijijini kila anayevaa koti jeupe ni daktari), na simu ya daktari iko sokoni kwenye chaji. Jua linatua bila mtu kujua kama kilichogoma ni programu, seva, mtandao au tableti yenyewe. Mwongozo huu nimewaandikia watu hao wanne ili wafike nyumbani mapema. Ni wa kila mtu wa Kitui na Makueni ambaye kazi yake hupita kwenye mfumo wa kompyuta, na ni wa vijana wanaojifunza kuandika programu pale Chuo Kikuu cha SEKU, Kwa Vonza, kwa kuwa kesho wao ndio watakaozisoma tiketi zetu.

Anza kwa kumjua msomaji wako. Tiketi huandikiwa mtu ambaye hakuwepo. Chukua mfumo wa taarifa za afya wa Kenya: tangu 2011 unatumia DHIS2, programu ambayo kiini chake hutengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Idadi ya wagonjwa wa malaria wa Ikutha na wa Makindu huingia humo mwezi baada ya mwezi. Hitilafu iliyo kwenye kiini chenyewe haimalizwi Kitui wala Nairobi. Itasomwa na mtu aliyevaa sweta mbili, theluji ikianguka dirishani, ambaye hajawahi kusikia Ikutha na hajui kwamba upepo ukivuma vibaya mtandao hupatikana chini ya mti mmoja tu. Ni mtu mwerevu na ana nia njema. Kitu pekee alichonacho ni maneno yako.

Kwa hiyo mpe saa anayoielewa. Hapa kwetu tunasema mfumo ulizima "saa mbili", na sote tunajua jua lilikuwa limekwisha kupanda. Msomaji wa mbali atakwenda kuchungua kumbukumbu za seva za saa nane za usiku, akute kimya, akuandikie kwamba hakuna tatizo. Andika 8:14 asubuhi, saa za Kenya. Seva nyingi huhesabu saa tatu nyuma yetu, na yeye atajua kuitafuta 5:14. Mpe pia mahali: jina la soko halitoshi katika kaunti kama Kitui, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000 na wadi 40. Taja kituo, wadi na kaunti ndogo.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, yaani kutenganisha ulichoona na unachodhani. Hapo mwalimu wetu yuko Kyuso, kaskazini mwa Kitui, na ni kifaa kidogo kilichofichwa ndani ya mkono wa pampu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walivifunga vifaa hivyo kwenye pampu za mkono 66. Kila kifaa kilihesabu mkono wa pampu ukipanda na kushuka, kikakadiria maji yaliyotoka, kikatuma hesabu hiyo kwa SMS. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Katika jaribio lile, ambalo matokeo yake yalichapishwa 2014, wastani ulishuka chini ya siku 3. SMS peke yake haikazi nati. Palikuwepo mafundi waliokaa tayari na spana na vipuri, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa kampuni ya FundiFix. Lakini fundi hatoki bila kujua aende wapi, na zile siku zilizookolewa ni safari za punda na jerikeni ambazo mama fulani hakuhitaji kuzifanya. Ninapowasikia watu wakisema kwamba kuandika tiketi ni usumbufu wa makarani tu, huwa nawatajia tarakimu hizo mbili.

Angalia hasa kile ambacho kifaa hakikusema. Hakikusema ufito wa pampu umekatika. Kilichokuwa nacho ni hiki tu: mkono wa pampu fulani haujasogea tangu saa fulani. Huenda ufito umekatika kweli. Huenda pia mvua imenyesha usiku na watu wanachota maji ya mapaa na madimbwi. Watafiti wameonyesha kwamba matumizi ya pampu hushuka mvua inaponyesha. Huenda kijiji kizima kimekwenda mazishini. Kifaa kilieleza kilichopimwa kikaishia hapo, na kuamua sababu kukawa kazi ya fundi. Tiketi yako ifuate adabu hiyo. Ukianza na "seva imeanguka", fundi atapoteza asubuhi nzima akiikagua seva nzima kabisa, kumbe bando la zahanati liliisha jana jioni. Dhana zako si takataka, hapana, wewe ndiwe unayekijua kituo. Ziweke mstari wa mwisho, uandike wazi kwamba ni dhana.

Hebu tuangalie tiketi moja ya kubuni, iliyoandikwa na mtu anayejiheshimu:

"Ripoti ya mwezi inapotea mtandao ukikatika kabla ya kubonyeza Hifadhi.
Nilichofanya: nilifungua fomu ya Septemba, nikajaza safu 12, mtandao ukakatika, nikaendelea kujaza hadi mwisho, nikabonyeza Hifadhi.
Nilichotarajia: takwimu zikae kwenye tableti hadi mtandao urudi.
Kilichotokea: fomu ilirudi tupu, bila ujumbe wowote wa kosa.
Nimejaribu mara 3, imetokea mara zote 3. Kwenye simu yangu haitokei.
Tableti ya zahanati (jina la kituo, wadi na kaunti ndogo), Android 11, programu toleo 2.4. Tarehe 3 Oktoba, 8:14 asubuhi, saa za Kenya.
Dhana yangu: huenda nafasi ya kuhifadhi kwenye tableti imejaa."

Kichwa chake kinaeleza tatizo hata kwa mtu asiyefungua tiketi yenyewe. Sehemu tatu za katikati zinamwezesha mtu wa Oslo, au wa Nairobi, kuketi na tableti yake, kuukata mtandao makusudi na kuiona fomu ikirudi tupu mbele ya macho yake. Simon Tatham, Mwingereza aliyeandika programu ya PuTTY, alilisisitiza hilo katika makala yake ya 1999 kuhusu kuripoti hitilafu: msaidie mwandishi wa programu aone kosa likitokea. Mimi naupenda zaidi ule mstari mfupi wa "kwenye simu yangu haitokei". Umegharimu dakika mbili na umeondoa nusu ya mambo ambayo fundi angeyashuku.

Ambatanisha ushahidi. Tarehe 9 Septemba 1947, waendeshaji wa kompyuta ya Harvard Mark II walimkuta nondo amenasa ndani ya relei namba 70. Waliandika saa, 15:45, wakaandika namba ya relei, kisha wakambandika nondo mwenyewe kwenye daftari kwa selotepu. Daftari hilo limetunzwa Marekani hadi leo na mdudu wake. Wewe piga picha ya skrini nzima, ujumbe wa kosa ukisomeka. Lakini kabla hujaituma, funika jina la mgonjwa, namba ya kitambulisho na namba ya simu. Tiketi nyingi husomwa na watu wengi, nyingine na dunia nzima, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamlinda mama aliyekuja kupimwa Mutomo hata kama wewe una haraka. Jambo hili halina "lakini".

Tiketi moja, hitilafu moja. Ukichanganya fomu inayopotea, printa inayokwama na ombi la kubadilisha rangi ya kitufe, printa itatengenezwa, tiketi itafungwa, na fomu itaendelea kupotea.

Kuhusu uharaka, acha herufi kubwa na alama za mshangao. Eleza nani anasubiri na hadi lini. "Ripoti za vituo vyetu vyote zinatakiwa mfumoni kabla ya tarehe 15, na leo ni tarehe 12" humfanya fundi aache chai yake bila wewe kupandisha sauti. Kama kuna njia ya kuzunguka tatizo kwa muda, kwa mfano kujaza kwenye simu, iseme pia, hata kama unaogopa kwamba tiketi yako itarudishwa nyuma ya foleni. Mwenzako wa zahanati ya jirani anaihitaji njia hiyo leo.

Imebaki kufunga tiketi, na hapa twende Makueni. Mwaka 2019, enzi ya Gavana Kivutha Kibwana, kaunti hiyo ilizindua tovuti ya mikataba ya wazi ambapo mwananchi hufuata mradi kuanzia zabuni hadi malipo, zikiwemo ripoti za ukaguzi na za kamati za usimamizi wa mradi. Kamati hizo ni za wakazi wenyewe, na mkandarasi hutegemea idhini yao kabla ya kulipwa. Anayesema zahanati imekamilika ni yule atakayetibiwa ndani yake. Tiketi ifungwe kwa utaratibu huo, na aliyeifungua. Fundi akikuarifu kwamba amerekebisha, rudia hatua zilezile kwenye tableti ileile, mtandao ukiwa umeukata mwenyewe. Ikikubali, andika toleo jipya ulilojaribu na tarehe, umshukuru, ufunge. Ikikataa, ifungue tena tiketi ileile wala usianzishe mpya, kwa kuwa kila jaribio lililokwisha kufanywa limeandikwa humo.