Mteja Aliyeishia kwenye "Ki"

Sijui nani aliwaambia watengeneza fomu za mtandaoni kwamba mteja anakuja hasalimii. Mjomba wangu ana karakana ya samani Keko, na tovuti yake ina fomu ya maulizo ambayo boksi lake la ujumbe linapokea herufi 200 na nafasi zake, basi. Aliyeitengeneza alidhani hizo zinatosha, kwa sababu kwao mtu anaanza na shida yake. Huu hapa ujumbe wa mteja mmoja kama ulivyotufikia:

"Assalaam alaykum. Habari za hapo karakana, poleni na kazi. Natumaini nyote ni wazima, na familia pia. Sisi huku kwetu Mbagala tunamshukuru Mungu, ni mvua tu hizi zinazotusumbua. Shida yangu hasa ni ki"

Hapo boksi likagoma. Mjomba akaitisha mafundi, wakaacha randa na misumeno wakaanza kubishana. Kitanda? Kiti? Kigoda? Fundi mmoja mwenye roho nzito akasema huenda ni kilio, mtu amefiwa anataka jeneza, na sisi tumekaa hapa tunacheka.

Wangempigia tu, lakini boksi la simu nalo lina mambo yake. Linafunguka na bendera ya Marekani. Ukiitaka Tanzania inabidi uteremke na orodha yote kuanzia Afghanistan, hadi uikute imebanwa kati ya Tajikistan na Thailand. Ukishaipata, +255 inataka tarakimu tisa, bila ile sifuri ya mbele ambayo Mtanzania ameiandika tangu anunue laini yake ya kwanza. Ukiiweka unafokewa kwa Kiingereza, tena kwa wino mwekundu. Mteja wetu hakuhangaika na bendera. Aliandika namba yake kama kawaida, fomu ikahesabu tarakimu kumi, ikaridhika, ikambandikia +1 mbele na mabano katikati.

"Huyu yuko Marekani," mjomba akasema.

"Mjomba, ameandika yuko Mbagala."

"Kwani huko hawana Mbagala?"

Nikamtolea ile +1 na mabano, akapiga, ikapokewa. Mteja alikuwa anataka kitasa cha kabati alilonunua kwetu mwaka jana.

Na Marekani hiyo haikuishia kwenye simu. Chini ya jina kuna boksi la lazima la postikodi. Sisi tunazo, za tarakimu tano, kila kata na yake, ila mtaani mtu anakuelekeza kwa msikiti, kwa mwembe na kwa mama anayeuza chapati. Wamarekani nao walianza namba zao za posta mwaka 1963, tarakimu tano vilevile. Za Dar es Salaam zinaanza na 1, na kwao 1 ni upande wa New York na Pennsylvania. Kwa hiyo mteja mwadilifu wa Temeke, mmoja katika mia, akiijua namba ya kata yake na kuiandika, fomu inamshukuru na kumjazia yenyewe kwamba anakaa Pennsylvania. Mjomba ameniuliza kwa dhati kabisa kupeleka kabati la milango mitatu huko itakuwa shilingi ngapi.

Mtasema, si ubadilishe? Nabadilisha nini? Fomu ya kubandikwa haimo kwenye tovuti yako, hata kama macho yanakwambia imo. Ni dirisha tu limetobolewa kwenye ukuta wako, na chumba unachokiona ndani ni cha mtu mwingine, kwenye kompyuta zake huko aliko. Dirisha unaweza kulipanua au kulipunguza. Kuta za ndani hupaki rangi, kwa sababu kivinjari hakiruhusu ukurasa wa tovuti moja kuingiza mkono kwenye ukurasa wa tovuti nyingine. Ni sheria nzuri, tusilaumu kila kitu: isingekuwepo, tapeli angebandika ukurasa wa benki ndani ya wake na kukuchota nywila unavyoiandika. Lakini nani atamweleza hivyo mjomba, ambaye anaamini kitu kikishawekwa dukani kwake ni chake?

Fomu yetu ni toleo la bure. Aliichagua kijana aliyetengeneza tovuti, akalipwa, akahamia Mwanza, na kwa muda mrefu maulizo yote yalikuwa yanaingia kwenye barua pepe yake yeye. Mtu mmoja Mwanza anajua bei za vitanda ambavyo watu wa Dar walitamani kununua kuliko mjomba mwenyewe.

Toleo la bure linakuachia mambo machache: maneno ya vichwa vya maboksi, idadi ya maboksi, na rangi ya kitufe. Mjomba akaitaka rangi ya mninga. Nikamweleza kuwa rangi huko inaandikwa kwa alama ya reli ikifuatiwa na tarakimu au herufi sita. Kesho yake akaniletea kipande cha mninga, kimepigwa msasa na vanishi, kinang'aa.

"Rangi yenyewe hii, mpwa wangu. Waoneshe."

Nimekipiga picha, nikaitafuta namba ya rangi humo, nikaiweka. Kwenye simu yangu kitufe ni mninga mtupu. Kwenye ya kwake, yenye kioo kilichopasuka, ni zambarau, na hiyo ndiyo simu inayohesabika. Bado kuna jina la kampuni ya watu limeandikwa chini ya fomu, ambalo kuliondoa ni kulipa dola kila mwezi. "Yaani wanajitangaza dukani kwangu, halafu mimi ndiye ninayedaiwa?" mjomba akauliza. Sijapata jibu la swali hilo na sidhani kama lipo. Ule mtihani wa kuchagua picha za mabomba ya zimamoto, ili uthibitishe kuwa wewe ni binadamu kabla ya kuulizia stuli, siuzungumzii.

Kubwa kuliko yote ni hiyo idadi ya maboksi, maana likishajulikana kwamba yanaongezeka, ukoo mzima unakuwa na maoni. Mkaza mjomba anataka mteja aulizwe habari zetu kazisikia wapi, apate kujua ni shoga yake yupi anayetutangaza na yupi anayetusengenya. Mjomba anataka orodha ya kuchagua cheo: Ndugu, Mzee, Hajat, Mwalimu, Mchungaji, Mheshimiwa. Huyo wa mwisho si kwa heshima. "Hao wanachelewa kulipa," alisema, "nataka niwajue mapema." Mhasibu akataka namba ya NIDA, tarakimu 20, kutoka kwa mtu anayeulizia bei ya meza. Nikamtolea Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayotaka taarifa zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika kwa kusudi husika tu.

"Sasa akikimbia?"

"Akimbie na nini? Hajapewa hata msumari."

Msimamo wangu ni maboksi matatu: jina, simu, na boksi refu lisilo na kikomo watu wasalimie mpaka wachoke. Nilikaribia kushinda, ila mjomba akang'ang'ania la saa nzuri ya kupigiwa simu, lililokuja na fomu. Orodha yake ni ya saa za Kizungu, na AM na PM zake. Mama mmoja anayefungua duka lake saa tatu asubuhi akaiona 3, akaiona AM, na AM kila mtu anajua ni asubuhi, akachagua.

Mjomba amefundishwa kwamba 3:00 AM ni saa tisa usiku. Nikamwambia ni makosa ya fomu, asubiri kukuche. Akaniambia vijana ndio maana hatuna wateja. Huenda ni nesi wa zamu ya usiku. Akatega kengele, akaamka, akapiga. Ikapokewa na sauti nzito ya kiume.

"Nani wewe unampigia mke wangu saa hizi?"

Mjomba, ambaye kwenye biashara hajui kuficha kitu, akajibu, "Samahani ndugu yangu, mimi ni yule wa kitanda."

Ilibidi mkaza mjomba achukue simu na kueleza kwa kirefu, akianza na salamu. Mteja hatukumpata, ila mumewe alipita Keko wiki hiyohiyo kuona kama kweli tunauza vitanda, akaondoka na meza ya kahawa.

Boksi la saa nimelifuta, na mjomba hajalia. Sasa ana ombi jipya: mteja akishabonyeza kitufe, kabla haijatokea ile ahsante, lije boksi lingine limuulize, "Haya, wewe una shilingi ngapi?" Nimemwambia toleo la bure halina kitu hicho. Sijaangalia.