Kukata Rahisi, Kuunga Kazi
Mshonaji mpya wa Machakos, blanketi la viraka lisikutishe. Omba mabaki ya vitenge kwa mafundi wa cherehani mjini. Yafue kwanza, yasije yakasinyaa baada ya kuunganishwa. Kata miraba iliyolingana, acha robo inchi ya mshono, na kila unapounga, piga pasi. Katikati ya viraka na kitambaa cha nyuma tia shuka kuukuu zito.

Mshono ukipinda, jipe moyo: Katiba ya 2010 iliigawa Kenya katika kaunti 47, na hadi leo waheshimiwa wanavutana kila mwaka nani ashike uzi. Wewe angalau huhitaji kamati, posho wala semina ya hoteli Mombasa. Tena kazi yako ikiisha, itamfunika mtu kweli.